Meka

Mama anapima unga kwa meka, Katuba,
bati ambalo zamani lilikuwa la rangi ya ukuta.
Analijaza hadi lijenge kichuguu,
anapitisha kijiti, fyuu,
kinachoanguka kinarudi guniani.
Sijaona mkono wenye haki kuliko ule
wala wateja wenye shaka kuliko wale.

Mimi napima kitu kisichokaa.
Mbali, chini ya ardhi ya watu wengine,
protoni zinagonganishwa usiku na mchana,
na katika kishindo kile, mara chache mno,
inazaliwa chembe inayokufa
kabla ulimi haujagusa jina lake.
Inaacha muoni wanne. Hao ndio ninaoletewa,
namba tu, safu kwa safu, kwenye kompyuta ya kuazima
ninayoiwasha saa nane usiku, umeme ukirudi.

Nawauliza: mzazi wenu alikuwa na spini gani?
Profesa Mwelwa ametukataza kusema inazunguka kama pia.
Si pia, anasema, hakuna kinachozunguka.
Ila neno jingine hatuna,
basi tunasema pia, kisha tunaomba radhi.
Kama spini ipo, watoto wataegemea upande.
Kama haipo, watatawanyika bila upendeleo,
kama watu wanaotoka mkutanoni ambako hakuna aliyeshinda.

Novemba. Inswa wanaingia dirishani,
wanaizonga balbu, wanaanguka.
Asubuhi nakuta mezani mabawa matupu,
na kwa jinsi yalivyolala
hata mgeni angejua balbu ilining'inia wapi.

Mama alikuwa akiwapepeta kwa ajili ya kikaango.
"Ile kintu hauyaona, Ngosa, unapima je?"
Nikamwonyesha grafu. Palikuwa na mwinuko
upande wa kushoto, mdogo, mzuri,
mwinuko niliokwisha kuuota mara mbili:
chembe inaegemea! Vitabu vitachapwa upya!
Akautazama kama anavyotazama mizani ya jirani.
"Na meka yako, njo ilibonyea fasi gani?"

Sikumjibu. Kusema kweli nilikasirika,
nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Maana meka yake imebonyea.
Ilianguka kutoka kwenye lori la Kasumbalesa,
karibu na kitako, dole gumba linaingia lote.
Anajua kila kipimo kinapungua konzi ya mtoto,
na kwamba kupima mara elfu hakumrudishii mtu konzi yake:
elfu zote zimebonyea pale pale.
Ndiyo sababu, kijiti kikishapita,
huongeza kidogo kwa vidole.
Wasiomjua hudhani ni ukarimu.

Wiki tatu nilitafuta bonyeo langu.
Nilikuwa nalo kulia, si kushoto,
pale kigunduzi kilipoachiwa ufa ili nyaya zipite,
nyaya za shaba,
shaba ya wapi, hakuna anayeandika.
Nililifikiria bomba la moshi pale mjini
na baba, aliyerudi nyumbani kila jioni
akiwa na ladha ya sarafu mdomoni.
Muoni waliotumbukia ufani hawakuhesabiwa.
Kushoto hakukuwa na mwinuko. Kulia palikuwa na shimo.

Nikawarudisha, kwa vidole, wachache wachache,
si kwa kutaka, kwa hesabu,
na mstari ukalala bapa
kama unga baada ya kijiti.
Sufuri.
Itazame kutoka upande wowote, ni ile ile,
haina mbele, haina mgongo.
Pembeni nikaandika jumlisha-au-toa,
ambayo ni adabu ya anayepima.

Nilimkuta sokoni, nikamwambia: Mama, ni sufuri.
Akatikisa gunia likae.
"Sufuri ya mlundo ao ya kijiti?"
Ya kijiti.
"Bon," akasema, akampa mgongo mtu wa elimu,
maana mteja wa mwisho alikuwa ameinama juu ya bati
akilikodolea macho, akisema bado, bado kidogo,
na mama akaingiza vidole guniani.